Damu imetulia, mbona bado dawa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba ya kulinda nafuu ya AML

Maswali haya sikuyatunga. Nimeyaokota kwenye benchi la nje ya kliniki ya damu hapa Nairobi, ambako mimi ni muuguzi, na mengine nimeulizwa ndani ya matatu nikirudi nyumbani Umoja, maana mgonjwa akishakuzoea hakungojei hadi Jumatatu. Yanahusu lukemia kali ya mailoidi, saratani ya damu ambayo kwenye faili huandikwa AML, na hasa kipindi ambacho kemo kali imekwisha, daktari amesema ugonjwa umetulia, na familia inataka kuamini kwamba yamekwisha. Hapo ndipo watu hutuponyoka. Wakati wa kemo hawaponyoki, kwa sababu wanaogopa. Huponyoka wakishanenepa.

Ukiona jibu langu limepingana na alichokuambia daktari wako wa damu, mfuate yeye. Kisha muulize sababu, una haki ya kuijua.

Daktari amesema niko kwenye remisheni. Nimepona?

Umepata nafuu kubwa. Kupona ni neno ambalo tunalisubiri. Remisheni kamili ina vipimo vyake: seli changa za saratani ziwe chini ya 5 katika kila seli 100 za uboho (ule ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu), nyutrofili (zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zifike 1,000 kwa kila maikrolita ya damu, na chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuzuia damu kuvuja, zifike 100,000. Ukifika hapo, shangilia, usimwache mtu akuharibie siku.

Ila darubini ina mwisho wa macho yake. Hukadiriwa kwamba siku mtu anapogunduliwa, mwili wake unaweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni moja. Zikipunguzwa mara elfu, bado ni bilioni, na uboho utaonekana safi kabisa. Mzee mmoja mkulima wa Limuru nilipomweleza hivi alinikatiza: "Sista, hiyo ni ndago." Ndago ukiipalilia shamba linapendeza wiki mbili, kumbe vile vijiazi vyake viko chini vinangoja mvua. Tangu siku hiyo naueleza ugonjwa huu kwa ndago, na sijaona mtu wa shamba akiuliza mara ya pili.

Mara nyingi ugonjwa ukirudi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Mtu akipita miaka 5 bila kurudiwa, hofu inakuwa ndogo sana.

Tiba ya kulinda nafuu ni nini, na ina tofauti gani na kemo niliyomaliza?

Kemo ya kwanza, ile ya kulazwa wiki kadhaa, wengi huijua kama "saba na tatu": siku 7 za sitarabini kwa mshipa na siku 3 za daunorubisini. Kazi yake ni kuuangusha ugonjwa. Baada ya damu kupanda hufuata kemo ya kukazia, mizunguko michache ya sitarabini kwa dozi kubwa zaidi. Tiba ya kulinda nafuu huja nyuma ya hizo. Ni nyepesi, ni ya muda mrefu, mara nyingi ni vidonge unavyomeza nyumbani, na shabaha yake ni kuzuia au kuchelewesha ugonjwa usirudi.

Neno "nyepesi" lisikudanganye. Nywele huenda zisinyonyoke, lakini damu yako inaweza kushuka kiasi cha kukulaza.

Kila mgonjwa wa AML anaihitaji?

Hapana, na hili huwaudhi wengine, wanadhani wamenyimwa. AML si ugonjwa mmoja. Kuna aina zenye mabadiliko ya jeni yanayoitikia kemo vizuri, na mtu wa aina hiyo aliyemaliza kemo zote na kipimo cha mabaki kikawa safi anaweza kuachwa bila dawa, akifuatiliwa tu. Kuna anayepelekwa upandikizaji wa uboho moja kwa moja. Tiba hii humfaa zaidi yule aliyepata nafuu kwa kemo kali lakini hawezi kumaliza kemo za kukazia, au hawezi kufika kwenye upandikizaji kwa umri, afya, kukosa mtoaji au kukosa pesa. Na kuna wenye jeni ya FLT3, nitawafikia.

Kipimo cha mabaki nilichokitaja hutafuta seli za saratani ambazo darubini haizioni: kinaweza kukamata seli 1 kati ya 1,000, na kikifanywa vizuri hata 1 kati ya 10,000. Ukikiona kwenye orodha ya vipimo vyako, usikifute ili kuokoa pesa kabla hujaongea na daktari.

Mtoto wa jirani ana saratani ya damu na ametumia vidonge miaka miwili. Mjomba wangu naye anameza Glivec tangu zamani. Kwa nini mimi nisipewe hizo?

Kwa sababu ni magonjwa tofauti yanayoitwa jina moja mtaani. Huyo mtoto pengine ana lukemia kali ya limfu. Kwa ugonjwa huo, tiba ya kulinda nafuu ni ya lazima na hudumu zaidi ya miaka 2: merkaptopurini kila siku, methotreksati mara moja kwa wiki, na dawa nyingine juu yake. Watoto wenye AML kwa kawaida hawapewi tiba ya aina hiyo.

Mjomba ana lukemia sugu ya mailoidi. Ile ina jeni moja mbovu ambayo Glivec inaizima, ndiyo maana anaishi nayo kama mtu wa presha. Ukiazima vidonge vyake havitagusa AML yako, na yeye atakosa dozi.

Kuna ndugu mwingine wa AML, aina ya M3. Hii hutibiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A pamoja na aseniki, au pamoja na kemo. Walioanza kwa kemo mara nyingi huendelea na tiba ya kulinda nafuu hadi miaka 2. Walio kwenye hatari ndogo waliotibiwa kwa aseniki kwa kawaida hawahitaji.

Hivi vidonge vya azasitidini vinavyosemwa, vina ushahidi gani?

Upo wa kutosha kunifanya niviheshimu, na si wa kutosha kuviita muujiza. Jina la kibiashara ni Onureg. Marekani iliviidhinisha Septemba 2020 kutokana na utafiti ulioitwa QUAZAR, wa watu 472 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliopata nafuu kwa kemo lakini hawakuwa wa kupandikizwa uboho. Nusu yao walimeza dawa, nusu kidonge kitupu. Kati ya waliomeza dawa, nusu walikuwa bado hai miezi 24.7 baadaye, upande wa kidonge kitupu, nusu walifika miezi 14.8. Ugonjwa nao ulichelewa kurudi: miezi 10.2 dhidi ya 4.8.

Zisome tarakimu hizo polepole. Hazisemi kwamba utaishi miezi 24. Nusu waliipita, wengine kwa miaka. Na pia hazisemi kwamba dawa inang'oa ndago yote. Miezi kumi ya ziada, mingi yake ukiwa nyumbani kwako, ndiyo iliyopimwa. Kuna familia iliyoniambia miezi kumi si kitu kwa bei hiyo, na kuna baba aliyeniambia miezi kumi ni kidato cha nne cha binti yake. Sikubishana na yeyote.

Vinamezwaje?

Kidonge cha miligramu 300 mara moja kwa siku, siku 14 mfululizo, kisha siku 14 za kupumzika. Huo ni mzunguko mmoja wa siku 28. Kinamezwa kizima, bila kukatwa, kusagwa wala kutafunwa, ukiwa umekula au hujala. Kikivunjika na unga ukagusa ngozi, osha kwa maji na sabuni mara moja. Kiache kwenye pakiti yake. Usikihamishie kwenye kikopo cha Blue Band.

Katika mizunguko 2 ya kwanza, meza dawa ya kuzuia kutapika dakika 30 kabla. Watu huiruka wakiona siku ya kwanza imepita salama. Siku ya tatu wanapiga simu.

Ukitapika baada ya kumeza, usimeze kingine siku hiyo. Subiri kesho. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Kuna shosho mmoja ambaye hajui kusoma, na hajawahi kukosa dozi. Ana kalenda ya bucha ukutani, zile zenye picha ya ng'ombe. Mjukuu alimchorea duara jekundu kwenye siku za dawa, naye kila asubuhi akimeza anapiga mstari kwa mkaa juu ya duara. Kalenda hiyo huja nayo kliniki, imekunjwa ndani ya leso. Mimi humwamini kuliko simu yenye kengele.

Hapa tunapewa azasitidini ya sindano. Si ni ileile?

Ni molekuli ileile, lakini dozi na namna inavyokaa mwilini ni tofauti, kwa hiyo huwezi kubadilisha moja kwa nyingine kwa hesabu za nyumbani. Sindano pia imejaribiwa kama ulinzi wa nafuu. Katika utafiti mmoja wa Ulaya wenye wagonjwa 116 wa miaka 60 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2019, sindano za siku 5 kila wiki 4, hadi mizunguko 12, zilichelewesha ugonjwa kurudi, ila haikuonekana wazi kwamba watu waliishi muda mrefu zaidi. Bado ni chaguo la maana pale vidonge havipatikani, na daktari wako akiichagua hajakubahatisha. Gharama yake iliyofichika ni nauli na siku za kazi zinazopotea: siku 5 mfululizo za kutoka Kitengela hadi Upper Hill si mchezo.

Daktari ametaja jeni ya FLT3. Inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi. FLT3 ni kama swichi inayoiambia seli ikue. Kwa baadhi ya wagonjwa wa AML swichi hiyo imekwama ikiwa imewashwa, na ugonjwa wao huwa na tabia ya kurudi upesi. Dawa za kuizima zipo. Midostaurini iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 baada ya utafiti wa watu 717, ikitolewa pamoja na kemo. Katika utafiti ule waliendelea nayo hadi mizunguko 12 baada ya nafuu. Ulaya iliidhinisha hata hicho kipande cha mwisho, Marekani haikukitia kwenye maelezo ya dawa. Kwizatinibu ilifuata Julai 2023 kwa aina ya FLT3 iitwayo ITD, na huweza kuendelea hadi miaka 3.

Kwizatinibu huweza kuvuruga umeme wa moyo, kwa hiyo utafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo na kupimwa potasiamu na magnesiamu mara kwa mara. Ukizimia au moyo ukienda mbio bila sababu, usisubiri kliniki.

Jambo la kufanya mapema: uliza kipimo cha jeni kifanyike siku za mwanzo kabisa, kabla ya kemo. Ugonjwa ukishatulia, hakuna seli za kutosha za kupima, na swali hilo huenda lisipate jibu tena.

Mama ni wa miaka 74, anapata azasitidini na venetoklaksi. Hiyo ni tiba ya kulinda nafuu?

Si hasa. Hiyo ndiyo tiba yake yenyewe, kwa watu ambao kemo kali ingewaumiza, na huendelea maadamu inafanya kazi na anaivumilia. Kwake hakuna mstari wa "kemo imekwisha". Usiisimamishe kwa sababu uboho umetulia.

Nitameza hadi lini?

Azasitidini ya vidonge: hadi ugonjwa urudi au mwili ukatae. Midostaurini: mizunguko 12. Kwizatinibu: hadi 36. Najua jibu la kwanza linachosha. Watu hutaka tarehe ya kumaliza, wapige picha wakigonga kengele. Kwa vidonge hivi hakuna kengele.

Kila nikija mnatazama "kaunti". Mnatazama nini?

Mama mmoja aliambiwa na daktari kijana, "Kaunti zako ziko chini," akajibu, "Mimi ni wa Machakos, daktari, na gavana ni yuleyule." Tangu hapo nasema hesabu ya damu, au hemogramu.

Kwa azasitidini ya vidonge, hemogramu hufanywa kila baada ya wiki 2 katika mizunguko 2 ya kwanza, kisha kabla ya kila mzunguko mpya. Tazama mistari mitatu. Hemoglobini ndiyo nguvu zako. Chembe sahani ndizo breki za kutokwa damu. Nyutrofili ndizo askari. Kwenye karatasi nyingi nyutrofili huandikwa kwa maelfu, kwa hiyo 0.8 maana yake ni 800. Siku ya kuanza mzunguko zikiwa chini ya 0.5, tunakurudisha nyumbani bila dawa hadi zipande. Hujaadhibiwa, na hilo si dalili kwamba ugonjwa umerudi. Mara nyingi ni dawa yenyewe imekanyaga sana.

Usichanganye asilimia na hesabu kamili. Karatasi inaweza kuonyesha nyutrofili asilimia 60, ukafurahi, kumbe chembe nyeupe zote kwa jumla ni chache, na asilimia 60 ya kidogo ni kidogo.

Weka karatasi zote kwenye faili moja, kwa mfuatano. Namba moja haisemi kitu. Namba sita zikipangwa zinasimulia.

Nikipata homa usiku nifanye nini?

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloua watu walioshinda saratani.

Nunua kipimajoto. Joto likifika 38, ondoka. Usimeze Panadol ukalala "uone asubuhi", kwa sababu Panadol inashusha namba ya kipimajoto na bakteria wanaendelea na kazi. Usipitie duka la dawa la mtaani kupewa antibayotiki tatu kwenye bahasha. Nenda kwenye idara ya dharura, na ukifika mlangoni sema sentensi moja: "Nina lukemia, niko kwenye kemo, nina homa." Usiseme "najisikia vibaya," kwa sababu kila mtu kwenye ile foleni anajisikia vibaya. Mtu ambaye nyutrofili zimeshuka anatakiwa aanzishiwe antibayotiki kwa mshipa ndani ya saa moja hivi, hata kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Nimewahi kumwona kijana akikalishwa kwenye foleni kwa muda wa saa nne, katika kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu alivaa vizuri na alitembea mwenyewe. Nyutrofili zake zilikuwa 0.2. Alipona, baada ya siku 11 kitandani. Siku hizi wagonjwa wangu hubeba kikaratasi ndani ya kitambulisho: jina la ugonjwa, dawa, namba ya kliniki, na neno DHARURA kwa herufi kubwa.

Pesa ya teksi ya usiku iwekwe kando na isiguswe.

Nile nini? Nimekatazwa matunda.

Aliyekukataza alikuwa na nia njema. Utafiti haujaonyesha kwamba kumnyima mgonjwa matunda na mboga mbichi zote kunampunguzia maambukizi. Cha muhimu ni usafi: osha kwa maji safi, menya, pika nyama iive kabisa, chemsha maziwa yasiyo ya pakiti, chemsha maji ya kunywa. Kula ndizi, embe, parachichi. Achana na kachumbari ya kibandani, mutura na mayai yasiyoiva wakati damu iko chini. Najua mutura inanukia saa moja jioni pale stejini. Pita.

Ninywe dawa za kuongeza damu? Na mitishamba?

Vidonge vya madini ya chuma kwa kawaida havikusaidii. Damu yako haikushuka kwa kukosa chuma, ilishuka kwa sababu kiwanda chenyewe kilivamiwa, na sasa kinafanya kazi chini ya dawa. Kila chupa ya damu uliyoongezewa ilikuja na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna mlango wa kuitoa. Aliyeongezewa chupa 20 ana chuma ya kutosha na ziada. Bitiruti na terere kula kama chakula, ni tamu, lakini usitarajie hemogramu ishtuke.

Mitishamba: tuambie. Sikugombezi. Ninayemwogopa ni yule anayeficha. Mwarobaini na michanganyiko ya chupa isiyo na jina inaweza kuumiza ini, nasi tukiona vipimo vya ini vimepanda tunaisimamisha dawa ya saratani tukidhani ndiyo mkosaji.

Natumia ARV, au dawa za TB. Kuna shida?

Inawezekana, na hapa kliniki mbili lazima ziongee. Dawa za kuzima FLT3 huvunjwavunjwa na ini kwa njia inayotumiwa na dawa nyingi. Rifampisini ya TB huiharakisha ini, na dawa ya saratani inaisha mwilini kabla haijafanya kazi. Efavirenzi nayo huharakisha. Dawa za fangasi kama itrakonazoli hufanya kinyume, dawa inarundikana. Kawaida suluhisho lipo: kubadilisha ARV au kurekebisha dozi. Usiache ARV. Njoo na kila kidonge unachomeza ndani ya mfuko, umwage mezani, tuvitazame pamoja.

Naweza kufanya kazi, kupanda matatu, kwenda kanisani?

Ndiyo, ukiangalia hemogramu yako. Wagonjwa wangu wanafundisha, wanauza nguo Gikomba, mmoja anaendesha teksi. Nyutrofili zikiwa chini, vaa barakoa, kaa karibu na dirisha na ulifungue hata konda akinung'unika. Chanjo ya mafua ni sawa. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, hapana hadi daktari aruhusu. Jino likiuma, usiling'oe kabla hatujaona chembe sahani.

Tunataka mtoto.

Si wakati wa dawa. Kwa azasitidini ya vidonge, mwanamke azuie mimba wakati wote wa matibabu na angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho; mwanamume, miezi 3. Kunyonyesha pia kunasimamishwa. Mlete mwenzako kliniki tuongee wote. Mazungumzo haya yakiachiwa mgonjwa peke yake, mara nyingi hayafanyiki.

Gharama je? SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa?

Jisajili na uhakikishe michango yako haijakatika, kwa sababu mapengo hugunduliwa siku mbaya. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha, 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Viwango hivi hujadiliwa na kubadilishwa, hivyo uliza ofisi ya SHA ya hospitali unakotibiwa kiasi cha sasa na dawa zipi zimo. Kumbuka ni kwa kaya: kama baba ana saratani ya tezi dume na wewe una AML, mnachota kisima kimoja.

Ushauri wangu, na si kila mwenzangu anaukubali: kabla hamjaitisha harambee ya vidonge vya bei kubwa, kaeni na daktari mpige hesabu ya mwaka mzima, pamoja na hemogramu, nauli na siku za kulazwa. Nimeona familia ikiuza shamba ikapata mizunguko mitatu, halafu ikabaki bila dawa na bila shamba. Wakati mwingine sindano unayoweza kuimudu miezi 12 ni bora kuliko kidonge utakachokimeza miezi mitatu.

Na usinunue kwa mtu wa WhatsApp anayeleta "kutoka India" kwa nusu bei. Dawa ipitie famasia iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, yenye risiti.

Dawa imekosekana mwezi huu. Nigawanye zilizobaki?

Hapana. Vidonge haviwezi kukatwa, na kumeza siku 7 badala ya 14 ni tiba ambayo wewe ndiye umeibuni. Piga simu mapema, ukiwa na vidonge vya wiki moja mkononi, si siku sanduku likiwa tupu.

Nilipandikizwa uboho India nikarudi. Bado kuna dawa?

Huenda ipo. Kwa wenye FLT3, sorafenibu baada ya upandikizaji imeonyesha kupunguza kurudi kwa ugonjwa, na gilteritinibu ilionekana kuwasaidia zaidi wale ambao kipimo cha mabaki bado kilikuwa kinaonyesha kitu. Leta ripoti nzima ya kuruhusiwa kutoka, kurasa zote. Msipunguze dawa za kuzuia uboho mpya kupigana na mwili kwa ushauri wa mtu aliyerudi salama; mwili wake si wako.

Ugonjwa ukirudi nitajuaje, na itakuwa mwisho?

Mara nyingi hemogramu husema kabla yako: chembe sahani zinashuka mzunguko hadi mzunguko wakati dawa ni ileile. Wewe unaweza kuona fizi zikivuja ukipiga mswaki, michubuko usiyoikumbuka, kuhema ukipanda ngazi za nyumba uliyoizoea. Tutarudia uboho. Kwa wanaomeza azasitidini, seli changa zikiwa kati ya asilimia 5 na 15, daktari anaweza kuongeza siku za kumeza kutoka 14 hadi 21. Zikizidi hapo tunabadilisha njia: kwa FLT3 kuna gilteritinibu, kwa wengine kemo nyingine au upandikizaji, na kwa wengine kazi yetu ni kuhakikisha hawaumwi na wako na watu wao. Mazungumzo hayo yaanzeni mapema, mkiwa na chai mezani na mgonjwa ana nguvu za kusema anachotaka.

Naweza kwenda ushago Desemba?

Nenda. Fanya hemogramu wiki ya safari, beba nakala ya barua ya kliniki na kipimajoto, na ujue kabla hujapanda basi ni hospitali gani iliyo karibu yenye antibayotiki za mshipa na damu ya kuongeza. Ukielekea Busia, Siaya au Kwale, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa huko usikubali kutibiwa malaria tu ukarudishwa nyumbani. Inaweza kuwa malaria na maambukizi pamoja. Anayemeza kwizatinibu amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa ya malaria, kwa sababu baadhi ya hizo nazo huugusa umeme wa moyo.

Hesabu vidonge kabla ya kufunga begi. Ukisafiri siku ya 9 ukiwa umeshameza cha asubuhi, vimebaki 5. Vibebe vyote, kwenye pakiti yake, ndani ya mkoba wa begani. Begi la mgonjwa wangu mmoja liliwekwa kwenye buti ya basi, likashuka Nakuru na mtu mwingine.